Nguvu ya mumiani: jinsi ya kuitunga isimalize hadithi usiku wa kwanza

*Swali: Naendesha Vampire: The Masquerade, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika vampaya, toleo la 5, na hadithi yetu iko Nairobi ya leo. Mchezaji wangu mmoja, wa ukoo wa Tremere, aliomba nguvu inayotokana na mumiani wa hadithi za wazee. Nikaandika hivi: "Blood Sorcery, ngazi ya 2, haina gharama. Ukigusa damu iliyomwagika unaona kila mahali alikopita mwenye damu, unasikia anachowaza, na ukitaka unamwita aje. Hudumu mpaka alfajiri." Kikao cha kwanza akagusa tone moja kwenye gereji ya Kirinyaga Road, akamjua muuaji, akamwita, muuaji akaja. Nilikuwa nimepanga upelelezi wa vikao vinne. Sitaki kumnyang'anya mchezaji nguvu yake. Nirekebishe wapi? Msimulizi, Umoja.*

Ndugu msimulizi, wazo la mchezaji wako ni zuri na lina mizizi hapa hapa kwetu, kwa hiyo tusilitupe. Mumiani hana kosa. Tatizo ni kwamba umeandika nguvu nne ndani ya moja, kisha ukaitoa bure.

Hebu tuzitenganishe. Majina ya fani (makundi ya nguvu za vampaya, kila moja lina ngazi 1 hadi 5), nguvu na sifa nayaacha kama yalivyo kwenye karatasi ya mhusika, ili usipotee ukifungua kitabu. Kuonja damu na kujua imetoka kwa kiumbe gani ni A Taste for Blood, Blood Sorcery ngazi ya 1, na hiyo kweli haina gharama. Kugusa kitu ukapata kumbukumbu ya yaliyokipata ni Spirit's Touch, Auspex ngazi ya 4. Kusoma mawazo ni Telepathy, Auspex ngazi ya 5, kilele cha fani nzima. Kumwita mtu akaja alipo mwitaji ni Summon, Presence ngazi ya 4, na hata hiyo inamfikia tu mtu ambaye mwitaji alishawahi kumtumia nguvu za Presence, au aliyeonja damu ya mwitaji. Muuaji wako wa Kirinyaga Road hakuwa amefanyiwa lolote kati ya hayo.

Sasa piga hesabu ya pointi za uzoefu. Nukta (hatua moja ya ngazi) ya fani ya ukoo hugharimu ngazi mara 5, na ya nje ya ukoo ngazi mara 7. Tremere ana Auspex, Blood Sorcery na Dominate, Presence hana. Blood Sorcery 1 ni pointi 5. Auspex kutoka sifuri hadi 5 ni 75, na ndani yake anapata Spirit's Touch na Telepathy zote mbili. Presence hadi 4 kwa bei ya nje ni 70. Jumla ni pointi 150. Hata ukiwa mkarimu kiasi cha kutoa pointi 2 kila kikao, hivyo ni vikao 75. Wewe umempa vyote kwa Blood Sorcery 2, ambayo kutoka sifuri ni pointi 15.

Na kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye hesabu. Kama mezani kwako kuna Toreador, Ventrue au Brujah, Presence ni mali ya ukoo wao. Siku yule mwingine atakapofika ngazi ya 4 akachukua Summon, atakuta mwenzake amekuwa akiifanya tangu mwanzo bila kutoa jasho. Mchezaji wa namna hiyo hasemi kitu. Anaanza kuchelewa, halafu haji tena.

Kwa hiyo kabla ya kugusa namba, amua nguvu hii ijibu swali moja tu. Swali hilo tulitafute kwa mumiani mwenyewe. Katika hadithi za enzi ya ukoloni, Pwani, Nairobi na hadi Uganda na Tanganyika, mumiani na wazimamoto walisemwa kuwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi mengi ya aina hiyo na kuyachapisha mwaka 2000. Anayeogopwa katika masimulizi hayo hana haja ya kujua unachowaza wala kukuita kwa mbali. Kinachotisha ni kwamba anakuwinda: wewe unatembea kwenda nyumbani, naye yuko nyuma yako. Basi mawazo yaondoke na wito uondoke. Tubaki na kufuata.

Hivi ndivyo ningeiandika:

Nyayo za Mumiani
Blood Sorcery, ngazi ya 3. Sharti: Auspex 1.
*Gharama:* jaribio moja la kuamsha damu (rusha dadu moja ya pande kumi; ikishindwa, Njaa, yaani kipimo cha kiu ya damu kinachofika 5, hupanda 1).
*Fungu la dadu* (dadu za kurusha): nukta za sifa ya Resolve + za Blood Sorcery.
*Utaratibu:* Vampaya huweka ulimini damu iliyomwagika, japo tone moja. Ugumu (idadi ya mafanikio yanayohitajika) ni 2 ikiwa damu haijatimiza saa moja, 3 ikiwa ni ya usiku huohuo, 4 ikiwa ni ya usiku uliotangulia. Iliyozidi hapo haisemi tena. Ongeza 1 ikiwa imenyeshewa au imechanganyika na damu ya mwingine. Akifaulu, huhisi njia aliyoipita mwenye damu tangu ilipomwagika, kwenda mbele, hadi kituo cha kwanza, yaani mahali alipotulia kwa dakika 10 au zaidi. Kila fanikio la ziada huongeza kituo kimoja. Vyote pamoja visizidi vitatu. Haoni sura, hasikii jina, hajui mawazo. Mwenye damu akipanda chombo cha usafiri, hapo ndipo kituo cha mwisho, na kinachobaki ni upande alioelekea. Akifa, njia huishia alipofia.
*Damu ya vampaya:* badala ya ugumu, shindano dhidi ya Wits + Obfuscate (fani ya kujificha), au Wits + Stealth kwa asiye na Obfuscate.
*Muda:* onyesho moja, yaani tukio moja la hadithi. *Kikomo:* mara moja kwa kila mwenye damu, kwa usiku mmoja.

Sasa sababu, maana wachezaji watakuuliza, na Msimulizi asiyejua sababu za kanuni yake huivunja mwenyewe kufikia kikao cha tatu.

Nimeanza na ngazi. Kwa nini 3 na si 2? Katika toleo hili kila nukta ya fani huleta nguvu moja tu, ya ngazi hiyo au ya chini yake. Mwenye Blood Sorcery 3 ana nguvu tatu, basi. Anayechukua Nyayo za Mumiani ngazi ya 3 ameacha Scorpion's Touch au Blood of Potency, nguvu za kitabuni za ngazi hiyohiyo, na hicho alichokiacha ndicho kipimo chako cha kweli. Ukiona kila mtu angeacha vyote viwili bila kufikiri, nguvu yako bado ni kali mno. Ukiona hakuna ambaye angeviacha, ni dhaifu.

Sababu ya pili ya ngazi ni Blood Potency, kipimo cha ukali wa damu ya vampaya. Mwenye Blood Potency 1 hurudia dadu ya kuamsha damu kwa nguvu za ngazi ya 1, na akifika 3 hurudia hadi ngazi ya 2. Dadu ya kuamsha damu hufaulu kwa 6 hadi 10, yaani nusu kwa nusu. Ukiruhusiwa kuirudia, uwezekano wa Njaa kupanda unashuka kutoka asilimia 50 hadi 25. Nguvu ya ngazi ya 2, hata ukiiwekea gharama, inakuwa nusu bei kwa mhusika aliyekomaa kidogo tu. Ngazi ya 3 inawatoza wahusika wengi bei kamili kwa muda mrefu wa hadithi, na nguvu ya upelelezi lazima itoze.

Nasisitiza gharama kwa sababu ndiyo iliyokuangusha kuliko kitu kingine chochote. Nguvu isiyo na gharama hutumiwa kila mahali: kwenye kila tone, kila kitambaa, kila ukuta. Mchezaji hakosei akifanya hivyo, ni wewe uliyemfungulia. Ukiweka jaribio moja, hesabu inabadilika. Vampaya anaamka jioni kwa jaribio la kuamsha damu. Akitumia Nyayo mara mbili usiku huo, kwa wastani Njaa imepanda 1.5 kabla hajafanya kitu kingine. Aliyeanza na 2 sasa yuko kwenye 3 au 4, amesimama barabarani na ladha ya damu mdomoni. Na akifika 5 hawezi kuamsha damu kwa hiari yake tena mpaka anywe. Hapo upelelezi na uwindaji vinashikana, na hiyo ndiyo ladha yenyewe ya mchezo huu. Ni kwa sababu hiyo pia nimebadilisha "ukigusa" kuwa "ukiweka ulimini". Kugusa ni kazi ya polisi. Anayelamba sakafu ya gereji anajijua yeye ni nini, na wenzake waliosimama pembeni wanamwona.

Njoo kwenye uwezekano. Tuseme mhusika ana Resolve 3 na Blood Sorcery 3, dadu sita. Kila dadu ya 6 au zaidi ni fanikio, na jozi ya 10 huhesabiwa mafanikio manne. Ugumu 2 anaupita kama asilimia 89. Ugumu 3, kama asilimia 67. Ugumu 4, kama asilimia 39. Namba hizo nimezilenga makusudi: damu mbichi karibu ni uhakika, ya usiku huohuo ni mara mbili kwa tatu, ya jana ni bahati nasibu. Ukiona wachezaji wako wana mafungu ya dadu nane au tisa, pandisha ugumu wote kwa 1 na usiguse kitu kingine.

Hapo ndipo kikomo cha mara moja kwa usiku kinapoingia. Bila hicho, asilimia 67 ya jaribio moja inakuwa karibu 89 ukijaribu mara mbili, na zaidi ya 96 ukijaribu mara tatu. Mchezaji mvumilivu atabaki palepale akirudia mpaka apate. Na angalia nimeandika "kwa kila mwenye damu", si "kwa kila tone". Ukiandika tone, watakusanya matone manane kwenye kifuniko cha soda, na kila moja litakuwa jaribio jipya.

Vituo ndivyo kiungo cha nguvu hii, na ningependa uvielewe vizuri kabla hujavibadilisha. Rasimu yako ilitoa "kila mahali alikopita". Hilo ni jibu kamili, na jibu kamili hufunga hadithi. Kituo ni mahali tu. Mahali pana watu, pana mlango uliofungwa, pana mtu mwenye sababu ya kusema uongo. Kila fanikio la ziada linakupa onyesho jingine la kucheza.

Tuichukue gereji yako ileile. Saa nne usiku, tone liko chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki, lina saa kama tatu. Ugumu 3. Mchezaji anarusha, anapata mafanikio manne, yaani moja la ziada. Vituo viwili. Njia inatoka kwenye geti, inapita nyuma ya maduka ya spea, inatulia kwenye kibanda cha chai upande wa Globe. Inaondoka hapo, inafika steji ya matatu za Githurai, inakatika. Upande: Thika Road. Basi, nguvu imemaliza kazi. Sasa mhusika ana mama wa chai aliyemhudumia mtu mwenye mkono uliofungwa leso, na ana makanga anayekumbuka au asiyekumbuka abiria aliyelipa kwa noti yenye damu. Pangani, Roysambu na Githurai zote ziko upande huo. Vikao vyako vitatu vilivyobaki bado vipo, na mchezaji amefika hapo kwa nguvu yake mwenyewe.

Usisahau pia kwamba damu iliyo nyingi kwenye eneo la mauaji ni ya aliyeuawa, na njia ya aliyeuawa huishia alipofia. Mara nyingi hatua ya kwanza itakuwa kutafuta kama muuaji naye aliumia. Hiyo ni kazi ya macho, Investigation au Awareness, na hapo unampa nafasi mhusika mwingine ambaye hana Blood Sorcery. Mchezaji wako atauliza pia kama anaweza kufuata njia kinyume, ajue mtu alitoka wapi kabla ya kumwaga damu. Jibu ni hapana. Kabla haijamwagika, damu ilikuwa ndani ya mwili, haikuacha chochote nje. Ukiruhusu kinyume, anapata nyumba ya mtu kwa jaribio moja.

Nairobi yenyewe itakusaidia sana ukiiruhusu iingie kwenye kanuni. Matatu ndiyo breki ya kwanza. Pikipiki, teksi na treni ya abiria ni hivyo hivyo. Usiku watu wengi wa mji huu hupanda kitu wakienda mbali, kwa hiyo njia nyingi zitakuwa fupi, kilomita moja au mbili, na hicho ni kipimo kizuri kwa ngazi ya 3. Ukipeleka hadithi mahali ambapo watu hutembea usiku kucha, nguvu hii itakuwa kali ghafla, na itabidi upunguze vituo vibaki viwili.

Breki ya pili ni mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huosha barabara jioni nyingi, na ile nyongeza ya 1 inageuza asilimia 67 kuwa 39. Mtangazie mchezaji hali ya hewa mwanzoni mwa usiku, asije akahisi umeibuni mvua palepale ili kumzuia.

Halafu kuna mahali palipojaa damu. Soko la nyama la Burma, na machinjio ya Dagoretti. Huko ongeza 2 badala ya 1, kwa kuwa damu ya mnyama imeingia kwenye kila ufa wa sakafu. Adui mwenye akili atalijua hilo. Adui mwenye akili zaidi atamwaga Jik. Damu iliyolowa Jik ningesema haifai kabisa, maana kulamba dawa ya madoa ni jambo ambalo hata Mnyama, ule ukatili ulio ndani ya vampaya, analikataa. Na wa hatari kuliko wote atakuja na chupa ya damu ya mtu asiyehusika, aimwage mahali mhusika wako ataiona. Tumia hila hiyo mara moja tu katika hadithi nzima. Ukiirudia, mchezaji ataacha kuiamini nguvu yake, na utakuwa umemnyang'anya kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu muda: "mpaka alfajiri" huonekana kama kikomo, lakini hapa si kikomo. Tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Usiku wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili asubuhi iwe Januari iwe Julai. Nguvu ya mpaka alfajiri iliyowashwa saa moja jioni ni nguvu ya usiku kucha, kila usiku. Onyesho moja linatosha. Kama wakiondoka kwenye kibanda cha chai wakaenda kugombana na mtu Ngara, njia imefifia, na wanachobaki nacho ni kumbukumbu ya vituo walivyokwisha kuambiwa.

Sasa Njaa ndani ya fungu. Mhusika mwenye Njaa 3 anarusha dadu sita, tatu kati yake zikiwa Dadu za Njaa. Akishindwa, na mojawapo ya hizo tatu ikaonyesha 1, ni anguko la kinyama. Kwa ugumu 3 hilo hutokea karibu asilimia 13. Njaa ikiwa 4, karibu asilimia 16. Haitokei kila kikao, lakini itatokea, kwa hiyo liandalie jambo mapema. Pendekezo langu ni kwamba Mnyama anampa njia ya uongo, na njia hiyo inakwenda kwenye shingo ya karibu: mlinzi wa usiku, mama wa chai, yeyote aliye hai na aliye peke yake. Mwambie mchezaji wazi kwamba ni uongo. Dadu ameziona mezani, kumficha ni bure. Mhusika ndiye asiyejua, na mchezaji mzuri atafurahi kumpeleka mhusika wake shimoni akijua.

Ushindi mchafu, yaani jozi ya 10 ambayo angalau moja imetoka kwenye Dadu za Njaa, unampa vituo vyake vyote, lakini amelamba mpaka saruji. Tone halipo tena. Kama mhusika mwingine alitaka kulipeleka maabara, au kama fundi wa zamu alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, sasa mna tatizo la Masquerade, yaani siri ya kuwepo kwa vampaya. Chagua moja kati ya hayo mawili, usiyarundike.

Sharti la Auspex 1 nimeliweka kwa sababu moja. Banu Haqim, ukoo mwingine, nao wana Blood Sorcery, lakini Auspex si ya ukoo wao. Akitaka Nyayo atalipa pointi 7 za ziada kwa nukta ya nje. Tremere hupata zote mbili nyumbani. Mchezaji aliyeomba nguvu hii anabaki na upendeleo kidogo bila wewe kuandika "Tremere pekee", sentensi ambayo huzua ugomvi kila inapoandikwa.

Je, kama mchezaji atalilia sehemu ya "kuona"? Wengi hulia. Usiirudishe ndani ya nguvu. Mpe kama ibada ya damu, kwa sababu ibada zina breki zake tayari: jaribio la kuamsha damu, dakika 5 kwa kila ngazi, na jaribio la Intelligence + Blood Sorcery kwa ugumu wa ngazi kuongeza 1. Ibada ya ngazi ya 2 ni dakika 10 na ugumu 3, na kuinunua ni ngazi mara 3, pointi 6. Vitu: beseni la bati, damu ya mtu, na maji yaliyobaki kwenye mpira wa maji uliotumika kuzima moto. Akifaulu, anaona juu ya maji kile macho ya mwenye damu yalikuwa yakitazama damu ilipotoka, kwa muda wa pumzi moja. Picha moja tu, haina sauti. Inaweza kuwa kisu, inaweza kuwa viatu, inaweza kuwa dari. Wewe unaamua, lakini iwe kitu cha kweli kinachosaidia. Picha ya giza tupu ni wizi wa pointi 6.

Yale maji yanatoka kwenye hadithi za wazimamoto, na hapo naomba uwe mwangalifu. Moto wa masoko yetu umeua watu wa kweli, wenye ndugu walio hai. Usiweke moto wa kweli wa Gikomba kuwa asili ya kitu cha ibada. Tunga moto wako. Vilevile, kabla ya kuileta nguvu hii mezani, waulize wote faraghani kama kuna jambo la damu, hospitali au utekaji wasilotaka kuligusa. Hizi ni hofu ambazo bibi na babu za baadhi ya wachezaji wako waliishi nazo, na mtu anaweza kucheka kwenye gumzo la simu kisha akashikwa na baridi mezani.

Ijaribu kabla ya kikao. Chukua karatasi, andika mahali patatu ambapo damu itamwagika katika hadithi yako, na kwa kila mahali andika vituo vitatu kamili, hata kama unadhani atapata kimoja. Kama huwezi kuandika mtu wa kuzungumza naye kwenye kila kituo, kituo hicho ni kitupu, kibadilishe. Kisha rusha dadu mwenyewe mara kumi kwa kila mahali. Inachukua dakika 20, na utaona mapema kama ugumu wako unabana au unalegea.

Mchezaji wako, umweleze kabla ya kikao kijacho, mkiwa wawili, si katikati ya mchezo mbele ya wenzake. Mpe njia mbili. Ya kwanza: nukta yake ya Blood Sorcery 2 ibaki, achague nguvu ya kitabuni ya ngazi ya 2 au ya 1 kuziba pengo, na Nyayo aichukue atakapolipa pointi 15 za nukta ya tatu. Ya pili, kama tayari anakaribia pointi hizo, mwongezee zilizopungua, aanze na Nyayo mara moja. Kosa lilikuwa la rasimu, hana sababu ya kulilipia. Mimi ningempa ya pili kama amebakisha pointi 5 au chini. Zaidi ya hapo wenzake watahisi.

Na muuaji aliyeitwa akaja, mwache alivyo. Amekamatwa kihalali kwa kanuni zilizokuwepo usiku ule. Kilichobaki wazi ni aliyemtuma, na huyo hakudondosha damu yoyote pale gereji.